Ubao Mrefu Hupimwa Tezini

Mzoefu wa kuteleza mawimbini akitaka kununua ubao mrefu, yaani wa futi 9 au zaidi, takriban mita 2.74, mara nyingi muuzaji humuuliza kilo zake kisha humtajia lita za ubao. Hesabu hiyo humsaidia anayejifunza, kwa kuwa shida yake ni kuelea na kuliwahi wimbi. Kwa mzoefu haiamui kitu. Karibu kila ubao wa urefu huo utambeba mtu mzima, na karibu kila mmoja utaliwahi wimbi dogo. Kinachotenganisha ubao unaomfaa na usiomfaa ni tezi yake, yaani sehemu ya nyuma: inayashikaje maji, na inayaachia wakati gani.

Ushahidi mzuri uko San Diego, California, kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 1966. David Nuuhiwa, aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda, alisifika kwa kutembea juu ya ubao hadi omo, yaani ncha ya mbele, na kukaa hapo muda mrefu. Nat Young wa Australia alikuja na ubao aliouita Sam, wa futi 9 na inchi 4, mwembamba kuliko mbao nyingi za siku zile, ukiwa na pezi lililofuata mawazo ya mbunifu George Greenough. Young alikata kona kali karibu na povu la wimbi, akatwaa ubingwa. Muda si mrefu mafundi wakaanza kufupisha mbao, na wengi wakaamini kwamba urefu ndio ulioshindwa. Lakini Sam nao ulikuwa ubao mrefu. Urefu hauwezi kueleza tofauti ya watu wawili ambao wote walisimama juu ya mbao ndefu. Tena Young mwenyewe aliurudia ubao mrefu na kutwaa ubingwa wake wa dunia mwaka 1986, 1988, 1989 na 1990.

Tofauti huonekana ukiugeuza ubao na kuutazama nyuma. Ubao uliotengenezwa kwa ajili ya kusimama omoni una tezi pana iliyobinuka kidogo kuelekea juu, kingo za mviringo na pezi moja kubwa, pengine la inchi 10. Maji yanayopanda usoni mwa wimbi huambaa na kingo hizo laini, hupita juu ya tezi na kuikandamiza. Mgandamizo huo ndio unaoukabili uzito wa mtu aliye mbele, hata vidole vyake vikachungulia nje ya omo bila ubao kupiga mbizi. Ubao wa kukata kona umejengwa kinyume chake: tezi nyembamba, kingo kali upande wa chini zinazoachana na maji upesi, na mara nyingi mapezi mawili madogo ubavuni mwa lile la kati. Huo hugeuka kwa wepesi, ila omo yake huzama mapema. Fundi anaweza kuchanganya, akaweka kingo laini mbele na kali nyuma, lakini kila anachokiongeza upande mmoja anakitoa upande wa pili.

Wapo watakaosema kwamba mzoefu huteleza na ubao wowote, kwa hiyo upimaji huu ni kupoteza muda. Kweli atateleza, ila kumudu ubao si sawa na kufaana nao. Miguu yake hurekebisha kasoro kabla hajaitambua, ndiyo maana ni rahisi zaidi yeye kudanganyika kuliko anayejifunza, ambaye huanguka papo hapo. Wengine huuona ubao mrefu kuwa wa wanaoanza na wazee. Joel Tudor alitwaa ubingwa wa dunia wa mbao ndefu mwaka 1998, 2004 na 2021, na kutembea hatua kwa hatua juu ya ubao unaokwenda kasi si kazi ya mwanagenzi. Wako pia wanaoukataa ubao kwa sababu ni mzito. Uzito una faida zake: ubao mzito ukishashika kasi huvuka sehemu ambayo wimbi limelegea, na upepo hauupeperushi ovyo kama mwepesi.

Basi mzoefu aanze na wimbi analoteleza siku nyingi za mwaka. Likiwa la kiunoni, laini na refu, tezi inayoshika maji itamfaa. Likiwa la kusimama wima na kuvunjika haraka, tezi pana itatupwa, na nyembamba ndiyo yake. Kisha auazime ubao na kuujaribu pande zote mbili: ageuke akiwa amekanyaga tezini, halafu atembee hadi omo wimbi likiwa bado limesimama, na arudi. Ukimkatalia, kwanza asogeze pezi ndani ya mfereji wake sentimita chache. Likirudi nyuma ubao hushika mstari, likienda mbele hugeuka kwa urahisi. Pezi likishasogezwa na ubao bado unagoma kufanya lile ambalo wimbi lako linalidai, urudishe kwa mwenyewe, hata kama lita zake zinalingana na kilo zako.