Sifa ya Fundi Anayepima

Gari linalofika kwa fundi mzuri mara nyingi limeshapita kwa mafundi wengine wawili watatu. Huja na tatizo lililolisimamisha barabarani, na juu yake matatizo yaliyoongezwa na waliojaribu kulitengeneza. Feni ya rejeta imefungwa dairekti. Thamostati imetolewa ikatupwa. Fyuzi iliyokuwa ikiungua kila mara imewekewa kipande cha waya wa shaba. Mahali pa boliti nane pana boliti sita, na mbili kati ya hizo si za gari hilo. Mwenye gari ameshatumia fedha nyingi na hamwamini mtu tena. Anayelipokea gari la namna hiyo ana kazi ngumu kuliko aliyelifungua mara ya kwanza, kwa sababu lazima ajue kwanza lilikuwaje kabla halijachokonolewa.

Nimekuwa nikimtazama fundi mmoja wa kazi hiyo pale Ilala, Dar es Salaam, si mbali na Mtaa wa Shaurimoyo, kwenye maduka ya spea zilizotumika. Gereji yake ni bati, ukuta mmoja na kabati la vifaa lenye kufuli. Hana bango. Wateja wake wengi huletwa na mafundi wenzake walioshindwa, na katika biashara hii sijui sifa inayozidi hiyo. Gari likiingia, boneti hubaki limefungwa kwa muda. Yeye huvuta stuli, akakaa karibu na mwenye gari, akaanza kuuliza.

Lilianza lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, au jioni baada ya foleni? Ukiwasha AC hali inabadilika? Ukipita kwenye tuta? Halafu swali ambalo wateja hulikwepa: kabla halijaanza kusumbua, nani aligusa nini? Watu huona aibu kusema gari limepita kwa shemeji anayejua kidogo, au kwenye gereji ya bei rahisi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye magari kinachoumbuka ni mfuko. Fundi huyu anaamini kwamba hitilafu nyingi zisizoeleweka huanzia pale ambapo mkono wa mtu ulipita mara ya mwisho, kwa hiyo hupekua huko kwanza.

Nilikuwepo alipoletewa Toyota IST iliyokuwa ngumu kuwaka. Ukizungusha ufunguo, stata ilijivuta, taa za dashibodi zikafifia, na mara nyingine iligonga mara moja tu ikanyamaza. Gereji ya kwanza ilikuwa imemuuzia mwenye gari betri mpya. Likawaka vizuri siku chache, kisha likarudia. Gereji ya pili ikabadilisha stata. Ya tatu ikamwambia ni altaneta, naye akawa amekuja nayo ndani ya boksi lake.

"Fundi, nifungie tu hii. Nimeshaambiwa tatizo ndilo hili."

"Sawa dada, ikibidi tutaifunga. Kwanza tulisikilize kidogo."

Akatoa mita. Betri ilisoma volti 12.6 gari likiwa limezimwa, maana yake imejaa. Likawashwa kwa taabu. Akapima tena injini ikiunguruma, akapata 14.1. Altaneta nzima kwa kawaida hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, kwa hiyo kile kilichokuwa kwenye boksi kilikuwa kimeshakosa kazi. Hakusema neno. Alizima gari, akagusisha ncha moja ya mita kwenye terminali hasi ya betri, ya pili akaikandamiza kwenye chuma kitupu cha injini, kisha akamwambia kijana wake azungushe ufunguo. Injini na terminali hasi huunganishwa na waya mnene wa arthi, na kati yao mita inapaswa kubaki karibu na sifuri. Ikaruka mpaka volti moja na nusu.

Sasa ndipo akainama. Gari hilo lilikuwa limegongwa mbele, likanyooshwa na kupakwa rangi, na aliyelirudisha alikuwa ameufunga ule waya juu ya rangi mpya. Boliti ilikuwa imekaza barabara. Ukiitazama huoni kasoro yoyote, ila chuma hakikugusana na chuma vya kutosha. Fundi aliifungua kwa spana namba 10, akapasugua kwa msasa mpaka pakang'aa, akausugua na uso wa chini wa kichwa cha waya, sehemu ambayo wengi huisahau, akafunga, akapaka grisi juu yake ili unyevu wa pwani usije ukaleta kutu. Ufunguo ukazungushwa tena. Safari hii mita haikufika hata volti 0.2, na stata ikazunguka kwa nguvu. Altaneta ikarudi dukani ndani ya boksi lake.

Inafaa kueleza kwa nini gereji tatu zilipita juu ya waya huo. Stata ya gari dogo hula zaidi ya ampia 100. Umeme wa ampia 150 ukipita mahali penye kizuizi cha omu 0.01, unapoteza volti moja na nusu hapo hapo, na stata inabaki na njaa. Ukipima kizuizi kidogo hivyo kwa mita ya kawaida gari likiwa limezimwa, mita itakuambia njia ni nzima. Kasoro haijifichui mpaka mzigo upite juu yake. Kwa hiyo ufundi wote uko katika kujua upime wapi, na upime wakati gani. Mita yenyewe inauzwa Kariakoo na kila mtu anaweza kuinunua.

Kanuni hiyo hiyo anaifuata kwenye taa ya injini. Siku hizi gereji nyingi zina kimashine cha kusoma namba za hitilafu, na wateja wanakiamini kuliko wanavyomwamini mtu. Chukua namba P0301, ambayo maana yake ni kwamba silinda ya kwanza inamisi. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,496 iliyoko kwenye Corolla, Premio na IST nyingi tunazoendesha, kila plagi ina koili yake. Fundi mwenye haraka akiona namba hiyo atakuandikia koili nne na plagi nne. Huyu wa Ilala huing'oa koili ya silinda ya kwanza akaiweka kwenye ya tatu, ya tatu akaileta kwenye ya kwanza, akafuta namba, akaenda kulizungusha gari. Akirudi na kukuta P0303, koili imejitaja yenyewe na itanunuliwa hiyo moja. Akikuta P0301 bado ipo, koili imesafishwa jina. Anahamia kwenye plagi kwa njia ile ile, kisha anakagua nozeli ya mafuta, na mwisho kompresheni. Upimaji wote huo wa mwanzo haugharimu spea hata moja.

Anachokirudia kwa vijana wake ni kwamba kompyuta ya gari husema mahali ilipoona shida, lakini chanzo hutafutwa na mtu. Namba P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, au pampu ya mafuta iliyochoka. Wengi hukimbilia kuuza sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa na inafanya kazi yake vizuri.

Kazi inayomla muda zaidi ni kufumua yaliyofanywa na wengine, na hapa ndipo namheshimu kupita kiasi. Suala la joto la injini ni mfano mzuri. Gari likichemka kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, dawa ya mtaani ni kutoa thamostati na kuifunga feni dairekti izunguke tangu ufunguo unapowashwa. Wanaofanya hivyo husema nchi yetu ya joto haihitaji thamostati. Kifaa hicho kidogo, ambacho kwenye magari mengi ya Toyota huanza kufunguka maji yakifika nyuzi joto 82 hivi, kipo ili injini ipate joto lake haraka na kulishikilia. Bila hicho, kwenye barabara isiyo na foleni injini hukaa baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada ikidhani ndiyo kwanza gari limewashwa, na oili inachafuka mapema. Na kilichochemsha gari bado kipo palepale: rejeta iliyoziba, au kifuniko kisichoshika presha. Maji yaliyobanwa kwa presha ya bar moja zaidi ya ile ya hewa huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo yote inapotea.

Kwa hiyo gari la namna hiyo yeye hulirudisha nyuma hatua kwa hatua. Kwanza huondoa waya wa dairekti, akafuata njia ya awali: feni, fyuzi, rilei, sensa ya joto, mpaka apate kilichokufa. Hurudisha thamostati, lakini kabla ya kuifunga huichemsha kwenye sufuria yenye kipimajoto aone inafunguka lini. Kisha hujaza kulanti, akaacha injini iungurume mpaka mapovu ya hewa yote yatoke. Mteja akilalamika kwamba anachelewa, anaambiwa kwa upole, "Mzee, hewa ikibaki humo ndani utarudi kwangu kesho, na kesho itakuwa gasketi."

Nimemwona pia akifungua sampu ya injini ambayo taa ya oili ilikuwa ikiwakawaka. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa injini imekwisha, atafute nyingine. Kwenye chujio la pampu ya oili kulikuwa na nyuzinyuzi nyekundu za silikoni. Aliyeifunga sampu hiyo kabla yake alikuwa ameipaka gundi kwa wingi, na ile iliyozidi ikaminywa kuelekea ndani, ikakatika, ikafyonzwa. Fundi alizitoa moja moja kwa kibano, akazipanga juu ya gazeti, akamwita mwenye gari.

"Kaka, hizi hazikuja na gari kutoka Japani."

Akasafisha chujio, akakwangua uso wa sampu bila kuukwaruza, akapaka mstari mwembamba wa silikoni upande wa ndani wa matundu ya boliti, kisha akakaza boliti kidogo kidogo kwa kupishana pande. Injini iliyokuwa imehukumiwa kifo iliwashwa siku hiyo hiyo baada ya gundi kukauka, na taa ikazima.

Kuhusu boliti ana ukali wake. Boliti iliyokatikia ndani ya injini haichimbui kwa patasi. Huichomea nati juu yake kwa welding, akaiacha ipoe yenyewe, kwani joto na kupoa huivunja kutu iliyoshika nyuzi. Halafu huizungusha robo mbele, robo nyuma, mpaka itoke nzima. Silinda hedi huikaza kuanzia boliti za katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Vijana wake wanaruhusiwa kuikosoa kazi yake yoyote, ila hawaruhusiwi kukaza hedi kwa kukisia.

Haitakuwa haki kuwalaumu mafundi wengine wote. Wateja wetu hulipia kitu wanachoweza kukishika. Ukimwambia mtu umebadilisha stata, atalipa. Ukimwambia umetafuta kwa saa tatu na kusugua boliti moja, atauliza kwa nini bei ni kubwa hivyo. Fundi anayeishi kwa utaratibu huo hujifunza haraka kwamba kubadilisha kunalipa kuliko kupima. Ongeza spea feki zinazovaa maboksi ya jenuini, na magari ambayo vitabu vyake ni vya Kijapani, utaelewa kwa nini makosa ni mengi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na wengi wa mafundi wetu ni wa aina hiyo. Wenye gereji wangewapeleka vijana wao huko, na wenye magari wangeanza kuuliza cheti hicho, hali ingebadilika.

Lakini sehemu kubwa iko mikononi mwetu sisi wenye magari. Mweleze fundi historia yote ya gari, pamoja na ile inayokuaibisha. Patana naye gharama ya kupima peke yake, kabla ya kuzungumzia spea. Omba uone kipimo kabla ya kazi na baada ya kazi, na udai kilichotolewa ukakione kwa macho. Fundi akikuonyesha hayo yote, mlipe bila kunung'unika hata kama hakubadilisha kitu chochote kwenye gari lako. Amekuokolea fedha ambazo zingeishia kwenye spea usiyoihitaji.