Shaka wa Runingani na Mizani ya Kweli

Washairi wana idhini yao ya kale. Mizani ikizidi, neno hufupizwa, nayo ni inkisari. Ikipungua, neno hurefushwa, nayo ni mazida. Lakini idhini hiyo ina mpaka: umbo la neno hubadilika, maana hubaki palepale. Mpaka huo wafaa kupimia hata tamthilia za kihistoria za runinga, ambazo nazo hudai uhuru wa mtunzi.

Na itazamwe *Shaka Zulu*, tamthilia ya sehemu 10 iliyoongozwa na William C. Faure na kuonyeshwa Afrika Kusini mwaka 1986. Henry Cele, aliyekwisha kumwigiza Shaka jukwaani, anaijaza nafasi yake kwa haiba isiyosahaulika. Maneno ya faragha baina ya Nandi na mwanawe ni ya kubuni, wala hapana wa kulalamika; hapo historia imenyamaza, na penye kimya mtunzi ana haki ya kusema.

Dosari ipo pale historia iliposema. Farewell na Fynn walifika Port Natal mwaka 1824 wakitafuta biashara ya pembe za ndovu. Tamthilia imewageuza wajumbe wa dola, waliotumwa kulikinga koloni la Rasi na hatari ya Wazulu. Hilo si inkisari wala mazida. Ni maana iliyobadilishwa. Tena kisa chaonekana kwa macho ya Fynn, ambaye shajara yake aliiandika upya kwa kumbukumbu, miaka mingi baadaye. Mwenziwe, Nathaniel Isaacs, alimshauri kwa barua mwaka 1832 awachore wafalme wa Kizulu kuwa wamwaga damu. Simulizi za wenyeji alizozikusanya James Stuart kuanzia 1897 zilikwisha anza kuchapishwa mwaka 1976. Sauti iliyopewa usukani ikawa ya mgeni.

Wala mwaka wenyewe haukuwa wa kawaida. Mwaka huohuo wa 1986 serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari nchi nzima. Picha ya mfalme mweusi mwenye kiu ya damu, akitazamwa na mzungu mwenye busara, haikuwa burudani tupu.

Ebrahim Hussein alionyesha njia nyingine katika *Kinjeketile* (1969): alimtanabahisha msomaji mapema kwamba Kinjeketile wa mchezo siye yule wa historia. Onyo hilo halikuupunguzia mchezo nguvu. Mtunzi na abuni, ila akiri kuwa amebuni. Na akipinda neno, asipinde maana.