Kosa la Kulishika Chungwa Usawa wa Macho

Katika zoezi la taa na chungwa, ambalo kwalo wanafunzi hufundishwa awamu za Mwezi, yaani namna sehemu yake ing'aayo inavyokua na kupungua, uamuzi wa kumwelekeza mwanafunzi alishike chungwa usawa wa macho ni kosa, wala si kosa dogo. Chumba hutiwa giza ipasavyo, taa moja huwa Jua, kichwa cha mwanafunzi huwa Dunia, naye hujizungusha kuelekea kushoto kama inavyotakiwa. Hilali huonekana, kisha robo ya kwanza. Lakini anapoipa taa kisogo, mahali ambapo mwezi mpevu ulipaswa kung'aa, kivuli cha kichwa chake hulifunika chungwa zima. Hapo huambiwa ainame kidogo, chungwa likapata mwanga, na somo likaendelea pasipo maelezo yoyote.

Kuinama huko ndiko kunakoliharibu zoezi, kwa kuwa mtoto huondoka akiamini kwamba awamu huletwa na kivuli cha Dunia, ilhali kivuli hicho huufikia Mwezi wakati wa kupatwa tu. Walioutazama ukizama kivulini kikamilifu kwa dakika 82 usiku wa Septemba 7, 2025, wanajua kwamba mwezi mpevu wa Oktoba haukupatwa. Sababu ni kwamba njia ya Mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya Dunia ya kulizunguka Jua, hivyo mara nyingi Mwezi hupita juu au chini ya kivuli.

Michoro ya vitabuni, ambayo kwa miaka mingi imeuweka Mwezi begani mwa Dunia, inastahili lawama ileile. Dunia ikiwa mpira wa kikapu, Mwezi ni mpira wa tenisi ulioko umbali wa takriban mita 7, nao kwa mwinamo huo hupanda au kushuka zaidi ya sentimita 60, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya upana wa mpira wa kikapu wenyewe. Tena kivuli si cha kukwepwa: mwanafalaki Mgiriki Aristarko wa Samos, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alikitumia kivuli cha Dunia kukadiria ukubwa wa Mwezi. Naye mwanafalaki al-Biruni, mwaka 997, akiwa katika mji wa Kath, na mwanafalaki mwenzake Abu al-Wafa akiwa Baghdad, alilinganisha saa za kupatwa kwa Mwezi ili kupata tofauti ya longitudo ya miji hiyo. Wataalamu hao walikifanya kivuli kuwa kipimo, ilhali darasani kinakwepwa.

Chungwa na liinuliwe kidogo juu ya utosi tangu mwanzo, kisha literemshwe kwa makusudi pale tu mwalimu anapofika kwenye kupatwa.