Neno "Safari" Katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Lindi akiandika kwa Kiingereza kwamba alikwenda "safari" Kilwa kumtazama bibi yake mgonjwa, msomaji wa Ulaya hutabasamu. Akilini mwake huona motokaa iliyofunguliwa paa, na tembo, na watu wenye darubini. Lakini mwanafunzi amelitumia neno kama alivyolipokea kwa wazazi wake. Basi yafaa tuulize neno hili limepata nini njiani hata watu wawili walisome na kuona mambo mawili.

Asili yake ni Kiarabu, safar, yaani mwendo wa kutoka mji hata mji. Wako wasemao kwamba limetoka katika jina la mwezi wa Safar. Kosa hilo ni la masikio tu. Mwezi huandikwa kwa swadi na mwendo kwa sini, nazo ni herufi mbili mbalimbali. Tena mwezi huo watu wa pwani tangu zamani huuita Mfunguo Tano, wala hakuna aliyeuchanganya na mwendo.

Kiswahili nacho hakikuliacha neno kama kilivyolikuta. Kilizaa msafiri na msafara na kusafirisha. Kikalipa maana ya mara moja katika mara nyingi, kama tusemavyo, "Safari hii hunidanganyi," hali hapana aliyetoka nje ya nyumba. Na zaidi ya hayo, kwa watu wa zamani safari haikuwa mwendo tu. Ilikuwa pia watu wenyewe waendao pamoja, na mizigo yao, na kiongozi wao. Kamusi za zamani, kama ile ya Madan ya 1903, zataja maana zote mbili. Mtu wa Kilwa Kivinje aliposikia kwamba safari imeingia kutoka Nyasa, alijua kwamba watu wamefika na pembe zimefika.

Wala si pembe tu. Katika karne ya 19 wengi wa watumwa waliouzwa Unguja walipitia Kilwa Kivinje, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa 1873 wa kukomesha kuwavusha kwa bahari. Na hata baada ya hapo wengine walipitishwa kwa miguu kuelekea kaskazini. Mtu mwenye kongwa shingoni naye alikuwa katika safari, ila hakuwa msafiri. Tofauti ya maneno hayo mawili, ambayo darasani twaipita upesi kama jambo la sarufi, hapa Kilwa ilikuwa tofauti ya maisha.

Sasa tutazame lilivyovuka kwenda kwa Waingereza. Miongoni mwa waliolitia mapema katika maandishi yao ni Richard Burton, aliyetembea bara tangu 1857, akafika na Kilwa mwanzo wa 1859 wakati kipindupindu kikiua watu wengi mjini. Katika kitabu chake cha 1860 juu ya nchi za maziwa aliwaeleza wasomaji wake kwamba safari ndilo jina la kundi la wapagazi na wafanya biashara waendao bara. Angalieni vema: neno liliingia Kiingereza likiwa na watu ndani yake, tena watu wenye mizigo vichwani.

Lilibadilika hasa mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa akaenda kuwinda, na wapagazi kama 250 nyuma yake, ili kuipatia nyumba ya makumbusho ya Washington ngozi na mifupa ya wanyama. Kitabu chake cha 1910 kilisomwa sana, na neno likaenda nacho. Tangu hapo, kwa Mwingereza, mwenye safari ni mwenye bunduki, na baadaye mwenye kamera.

Mwaka ule ule wa 1909 ilianza safari nyingine, ambayo kamusi za Kiingereza hazikupata faida yoyote kwayo. Huko Tendaguru, yapata kilometa 60 kaskazini-magharibi ya Lindi, Wadachi walianza kuchimba mifupa ya wanyama wakubwa mno waliokufa zamani sana. Waliendelea hata 1913. Wakubwa wa kazi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikachukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi: zaidi ya tani 200, mzigo kwa mzigo, kwa njia ya miguu. Mnyama mmoja aliunganishwa Berlin mwaka 1937, naye asimama mpaka leo, urefu wa kwenda juu zaidi ya meta 13. Ile nayo ilikuwa safari kwa kila maana ya Kiswahili. Kwa maana ya Kiingereza cha leo sijui tuiiteje, maana wanyama walikuwapo lakini hakuna aliyestarehe.

Wazee wetu husema, "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Kiingereza kimeigeuza mithali hii juu chini: kwao aendaye safari ndiye sultani, na aliyechukua mzigo hatajwi.

Nasi tulipewa neno badala yake. Katika Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa maelfu, na wengi sana walikufa kwa maradhi na njaa. Njia za Lindi zilipitwa nao mwaka 1917, wakati wa mapigano ya Mahiwa. Jina la Kiingereza la kikosi kile vinywa vyetu vililifanya "kariakoo," na leo ni jina la soko la Dar es Salaam. Basi Waingereza walichukua safari wakamwacha mpagazi, nasi tukampokea mpagazi kwa jina lao tukamfanya soko.

Siwalaumu kwa kugeuza maana. Sisi wenyewe tuliigeuza ya Waarabu. Neno lililoazimwa halirudishwi. Ninacholaumu ni kamusi zao nyingi ziandikapo, "safari: mwendo wa kuwinda au kutazama wanyama, kutoka Kiswahili, mwendo," kana kwamba neno liliruka kutoka kwetu kwenda kwao bila kugusa chini. Kati ya maana hizo mbili ipo ya tatu, aliyoiandika Burton mwenyewe, na ndiyo iliyo mlango. Mwenye kamusi aliyeiacha hakufupisha tu, amewatoa watu.

Na yule mwanafunzi wa Lindi? Maafisa wa Kiingereza waliotawala hapa walikuwa wakisema wamekwenda "safari" hata walipokwenda kukagua kodi, na baadhi ya kamusi huiandika maana hiyo kuwa ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mwalimu asiipige mstari mwekundu sentensi yake. Amwulize tu alikwenda kwa basi au kwa jahazi, na nani alimchukulia mzigo.