Majina Yasiyohifadhiwa: Vigeu vya Mtumiaji katika GDB

Programu ya GDB, ambayo Richard Stallman aliiandika kwanza mwaka 1986, ni chombo cha kuchunguzia programu nyingine ingali ikifanya kazi, ili kosa lililofichika lipate kuonekana. Katika kitabu chake cha maelezo, sehemu ihusuyo vigeu vya mtumiaji yastahili kutazamwa na wataalamu wa lugha, kwa kuwa suala lililomo ni la jina na maana yake kabla ya kuwa la mashine.

Mtumiaji atakapo kukumbuka jambo hubuni jina, hulitangulizia alama ya dola, kisha hulipa thamani. Jina hilo ni la GDB peke yake. Programu inayochunguzwa hailijui. Kabla ya kupewa thamani huwa tupu, wala halifungwi na aina moja: mara hushika namba, mara muundo mzima wa data. Programu inayochunguzwa ikianzishwa upya, thamani hubaki, maadamu GDB yenyewe haijafungwa.

Ikifungwa, vyote hupotea, na hapo ndipo penye ila. Amri alizoandika mtumiaji zaweza kuwekwa katika faili, akitaka, zikapatikana siku ya pili. Vituo alivyoviweka vya kuisimamisha programu vina amri yao ya kuvihifadhi. Vigeu havina. Mtu aliyekesha akifuatia kosa, akakusanya namba kumi na kuzipa majina, hana budi kuzinakili mwenyewe, mathalan katika faili ya .gdbinit ambayo GDB huisoma inapoanza. Basi maneno ya mtumiaji hutunzwa, bali aliyoyapata kwa maneno hayo huachwa yapotee.

Yaweza kujibiwa ya kuwa thamani nyingine hazifai kuhifadhiwa, na jibu hilo lina uzito. Anwani ya mahali katika kumbukumbu ya kompyuta ni kama neno “hapa” katika barua isiyotaja ilikoandikwa. Programu ikianza tena, mahali pale paweza kuwa pamekaliwa na kitu kingine kabisa. Tena muundo wa data uliotiwa katika kigeu ni nakala tu: namba zilizomo husalia kama zilivyokuwa, ilhali anwani zilizomo huendelea kuelekea nje, kwenye vitu vinavyobadilika. Mtu hudhani ameuhifadhi mti, kumbe ameshika tawi.

Lakini hoja hiyo yahusu anwani, wala haizihusu namba tupu. Idadi ya mara ambazo kitanzi kilizunguka kabla ya kosa kutokea ni ile ile hata baada ya mwaka. Mwanasarufi hatazamii neno “yule” lieleweke pasipo kumjua msemaji na mahali aliposimama. Hata hivyo halikatai neno “kumi” kwa sababu hiyo. GDB yazitupa zote mbili pamoja.

Dawa yake haiko mbali. Ipo tayari amri ya kuorodhesha vigeu vyote pamoja na thamani zake. Kilichobaki ni orodha hiyo kuandikwa kwa namna iwezayo kusomwa tena, na kila anwani itiwe alama ya kuonya kwamba ni ya safari iliyopita. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2009, GDB hukubali kupanuliwa kwa lugha ya Python, hata mwenye ujuzi aweza kujitungia amri hiyo. Asiye nao bado anahitaji kalamu na karatasi.