Faili Linalojua Kukataa

Kichocheo cha kuchapisha tovuti kikiandikwa vizuri, hakuna anayekiona. Toleo jipya la programu linatangazwa, na baada ya dakika chache tovuti ya mradi inaonyesha maelezo yake, wala hakuna aliyeingia kwenye seva kunakili mafaili kwa mkono. Kazi yote imefanywa na faili dogo la YAML lililokaa kwenye folda ya .github/workflows. Aliyeliandika hapewi hongera. Hupigiwa simu siku linapokorofisha.

Mimi nalisifu kwa yale linayoyakataa. Kuamuru tovuti ijengwe si kazi, hata mwanafunzi aliyeanza juzi ataweza. Ustadi uko katika kuchagua tukio. Tuseme umeagiza tovuti ijengwe kila inapofika tagi ya v*, yaani yoyote inayoanza na v. Mambo yanakwenda shwari hadi mwenzako abandike tagi aliyoiita vipimo-vya-jumatatu. Nayo inaanza na v! Tovuti inajengwa, na wasomaji wanakaribishwa kwenye toleo ambalo halipo. Fundi mwenye jicho kali huandika v[0-9]+.[0-9]+.[0-9]+, na hapo v2.1.0 inapita huku v2.1.0-beta ikibaki nje, kama mgeni asiye na kadi mbele ya bawabu anayeijua kazi yake.

GitHub Actions, huduma iliyofunguliwa kwa watu wote Novemba 2019, ina tofauti nyembamba zaidi. Katika tukio la release, yaani kutangazwa kwa toleo, ukichagua aina ya published, hata toleo la majaribio litaamsha ujenzi. Ukichagua released, la majaribio halitauamsha. Pia, kazi ya otomatiki ikitangaza toleo kwa kutumia GITHUB_TOKEN, tangazo hilo haliamshi kazi nyingine. Limezuiwa makusudi, maana kazi mbili zingeweza kuamshana bila kikomo. Asiyelijua hilo atatafuta kosa asubuhi nzima ndani ya faili lisilo na kosa.

Lakini panaponivutia zaidi ni kwenye foleni. Matoleo mawili yakitangazwa kwa kufuatana, ujenzi wa kwanza unaweza kuchelewa ukamaliza baada ya wa pili, na tovuti ikarudi kwenye habari za zamani. Hakuna taa nyekundu itakayowaka, kwa kuwa kazi zote mbili zimefaulu. Dawa yake ni mistari miwili mitatu ya concurrency, inayoziweka kazi hizo katika kundi moja ili zisiende sambamba. Mwenye kuiandika kabla ya balaa kutokea amefikiria mbali, na kwangu huyo ndiye fundi.

Basi ukirithi mradi wenye faili la namna hii, soma kwanza mistari iliyo chini ya on:, panapoandikwa matukio, kabla hujagusa kitu kingine.