Mezani Hakuna Mpagazi



Wengi wetu tulioko Durban tunaijua bandari ya mji huu kwa makontena. Mwaka 1916 ilikuwa mlango wa vita. Hapa vikosi vya Afrika Kusini vilipanda meli kwenda Kilindini kupigana na Wajerumani chini ya Jenerali Smuts. Na hapa hapa, miezi michache baadaye, waliteremshwa wagonjwa wa malaria na kuhara, wamekonda hata waliokuja kuwalaki wakashtuka.

Vita hivyo ndivyo tulivyovicheza mwaka jana, watu sita, meza moja, Jumamosi moja kila mwezi. Kwa asiyeujua mchezo huu: askari ni vijisanamu vidogo vilivyopakwa rangi, rula hupima mwendo, na dadu huamua nani kaanguka. Si mambo ya kitoto. Jeshi la Prussia liliwafundisha maofisa wake kwa michezo ya namna hii tangu 1824, na mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni zake mwaka 1913.

Sisi hatukucheza pambano moja moja. Tulicheza kampeni, yaani mapambano yaliyofungamana: anayekufa leo hayupo mwezi ujao, na risasi uliyoifyatua hairudi. Hapo mwenzetu aliyetunga kanuni anastahili sifa. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishuka na watu wapatao 8,000 wakashindwa na jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu kama 1,000. Walikimbilia melini wakaacha bunduki za kisasa za kutosha kombania 3 na risasi 600,000. Katika pambano moja moja, habari ingeishia hapo. Katika kampeni, zile bunduki zilitokea tena Jasin, Januari 1915. Mjerumani alishinda tena, lakini alitumia risasi 200,000 na kupoteza maofisa wengi, akahesabu kwamba mapigano ya aina ile anaweza kuyamudu mara 3 tu zaidi. Mchezaji wetu wa upande wa Wajerumani alifikia uamuzi huo huo mwenyewe, bila kuusoma kitabuni: akaanza kukwepa. Kanuni ikimfikisha mtu hapo, imefanya kazi yake.

Lawama yangu iko katikati ya mapambano, pale kwenye ramani. Kanuni zilitoa "pointi za ugavi" kila mwezi, kama maji ya bomba. Hivyo Smuts wetu aliondoka Moshi mwezi Machi akaingia Morogoro mwezi Agosti na vijisanamu vyake karibu vyote. Smuts wa kweli alifika Morogoro Agosti 1916 na jeshi linalokufa njaa. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba wazima walikuwa 116.

Mimi ni mhandisi, nitasema kwa hesabu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, mvua zikazamisha magari, mzigo ukabaki kichwani pa mtu. Chukua mpagazi anayebeba kilo 25 za chakula na kula kilo 1 kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula 20. Anayemfikishia askari ni kilo 5. Ongeza siku 3 tu za kwenda na 3 za kurudi, haleti hata kilo moja. Basi watu wengine wanatafutwa kuwabebea wabebaji. Waingereza waliwachukua watu wapatao milioni moja kwa kazi hiyo, na wanahistoria wanakadiria waliokufa karibu 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwao. Mezani kwetu hawakuwa na hata kijisanamu kimoja.

Nilipendekeza hesabu hiyo iingizwe. Mwenzetu mmoja alinung'unika, "Kaka, sasa huu ni uhasibu, si vita." Nikamjibu kwamba vita vile vilikuwa uhasibu wa unga na miguu. Tukajaribu miezi miwili. Mwendo ukapungua, majeshi yakaanza kufanana na yale ya kweli, nami nikajipongeza mapema.

Kwani Smuts wetu aligundua njia. Wapagazi wakipungua, anaandikisha wengine katika wilaya inayofuata, tena na tena, maana kifo chao hakikumpunguzia alama hata moja. Hakuvunja kanuni. Alifanya walichofanya majenerali wa pande zote mbili, kwa sababu ile ile: hakuna aliyemwambia kwamba hao nao wanahesabiwa. Kosa hilo ni langu. Nilimgeuza mpagazi kuwa namba, nikasahau kuipa namba hiyo uzito. Huko Ugogo, ambako majeshi yalichukua watu na chakula, ilifuata njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Wilaya zetu za kwenye ramani hazikupata njaa yoyote.

Kwa hiyo nashauri kanuni mbili. Kila mpagazi anayekufa apunguze alama za ushindi sawasawa na askari. Na wilaya iliyokamuliwa watu isitoe chakula msimu unaofuata. Huenda kwa hesabu hiyo asipatikane mshindi. Sioni hasara.

Tunaanza upya mwezi ujao, na viti viwili viko wazi. Vijisanamu vya wapagazi nimeshaanza kuvipaka rangi. Ni vingi kuliko vya askari.